Sura ya Nne: Anasoma au Anakariri?

Jioni ya leo mpe mwanao wa darasa la kwanza kitabu chake, afungue ukurasa anaoupenda, kisha umsikilize. Huenda akaanza kwa sauti ya juu, ile sauti ya kuimba ambayo darasa zima huitumia kwa pamoja, na maneno yakamtoka moja baada ya jingine bila kukwama. Usimkatize. Akimaliza msifu, halafu fanya mambo mawili. Funika picha kwa kiganja. Weka kidole chini ya neno lililo katikati ya mstari wa tatu, umuulize, "Hapa panasemaje?"

Wapo watakaolisoma. Wengine wataangalia dari. Wengine watarudi mwanzo wa ukurasa, waimbe mstari wa kwanza na wa pili chini chini mpaka walifikie neno lile, kisha walitaje kwa furaha. Mtoto wa namna hiyo hajadanganya, wala si mvivu. Amefanya kazi kubwa ya kuushika ukurasa mzima kwa kusikia, na anaamini kwa moyo wake wote kwamba huko ndiko kusoma. Hakuna aliyemweleza vinginevyo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikiliza akiwa peke yake.

Nimefundisha darasa la kwanza na la pili kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Wazazi wanaponiuliza washiriki vipi katika masomo ya watoto wadogo, wengi hutarajia niwatajie vitu vya kununua au vikao vya kuhudhuria. Mimi huwaambia waanzie hapa: wajue kwa masikio na macho yao wenyewe mtoto anaweza nini na amekwama wapi, kisha wamweleze mwalimu. Mengine yapo, na katika sura hii nitayagusa, lakini mzazi asiyelijua hilo la kwanza hata akitoa fedha nyingi hajui analipia nini.

Kukabidhi

Wengi wetu tumetoka kwenye familia ambazo mtoto alipelekwa shuleni akakabidhiwa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka ifikapo 1977 kila mtoto wa Tanzania mwenye umri wa kuanza shule awe darasani, na vijiji viliitika. Wazazi walifyatua matofali, wakasomba mchanga na maji, wakainua kuta. Kilichofanyika ndani ya kuta hizo waliona ni cha mwalimu. Baba ambaye hakuwahi kushika kalamu alimshika mwanae mkono mpaka mlangoni akasema, "Mwalimu, huyu nimekukabidhi," na ilikuwa heshima kubwa, kwa mwalimu na kwa elimu yenyewe. Siwalaumu hata kidogo. Walitoa walichokuwa nacho.

Siku hizi tunakabidhi kwa njia nyingine. Tunalipa nauli ya basi la shule linalomchukua mtoto wa miaka sita saa kumi na moja alfajiri. Tunalipa tuisheni ya mtoto wa darasa la kwanza mpaka jua linazama. Wengine waliwapeleka bweni watoto ambao bado hawajui kufunga kamba za viatu, mpaka mwaka 2023 serikali ilipopiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Niliufurahia uamuzi ule, na nasema hivyo nikijua wapo wazazi wenye kazi za zamu waliopata taabu kubwa kwa sababu yake. Mtoto wa umri huo anahitaji mtu mzima mmoja anayemfahamu vizuri, na mtu huyo hapatikani kwa urahisi katika chumba chenye vitanda arobaini.

Shida ya kukabidhi leo iko kwenye hesabu. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, madarasa ya kwanza yalifurika. Lilikuwa jambo jema, maana watoto waliokuwa wakikaa nyumbani kwa kukosa michango waliingia darasani. Lakini mwalimu alibaki mmoja. Kipindi cha darasa la kwanza na la pili ni dakika 30. Darasa likiwa na watoto 90, na mwalimu asifanye lolote jingine, asifundishe, asiite majina, asiamue ugomvi wa penseli, kila mtoto ana sekunde 20. Ndani ya sekunde 20 mtoto anayejifunza kusoma hajaimaliza hata sentensi moja. Ndiyo maana darasa huimba kwa pamoja, na ndani ya wimbo ule asiyejua hujificha vizuri sana, pengine mwaka mzima. Nyumbani hawezi kujificha hivyo, kwa kuwa nyumbani hakuna watoto 90.

Waliolionyesha hili waziwazi ni vijana wa kujitolea wa Uwezo, mpango ulioanzishwa chini ya shirika la Twaweza na kuanza kupita nyumba kwa nyumba Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2009 na 2010. Wazo lilitoka India, ambako shirika la Pratham lilikuwa limeanza kuwapima watoto majumbani mwaka 2005. Kijana alifika na karatasi chache tu, zenye silabi, maneno, aya na hadithi fupi, vyote vya kiwango cha darasa la pili. Ripoti za mwanzo zilionyesha kuwa wengi wa watoto wa darasa la tatu nchini Tanzania hawakuweza kuisoma hadithi ile ya darasa la pili, tena ya Kiswahili. Mjadala ulikuwa mkali. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukabadilishwa, na sehemu kubwa ya muda ikarudishwa kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu.

Kwangu mimi jambo kubwa zaidi ni mahali pa kupimia. Mtoto alipimwa uani, mzazi akiwa amekaa palepale. Mama mwenye rundo la madaftari yaliyojaa alama za vema alimsikia mwanae akishindwa kusoma neno la silabi mbili. Hakuna ripoti ya muhula inayoweza kumweleza mzazi jambo hilo kwa uwazi namna ile.

Na hayo madaftari tuyazungumze. Daftari nadhifu ni zuri, lakini halina ushahidi wa kusoma. Mtoto hunakili ubaoni herufi kwa herufi kama anavyochora ua, mwandiko ukanyooka, mwalimu akaweka vema kwa sababu kazi imenakiliwa sawasawa, na anayeishika kalamu hajui alichokiandika. Ukilikagua daftari usiishie kuhesabu vema na makosa. Mwambie mtoto akusomee alichoandika jana. Kisha mwambie aandike neno ambalo halimo kwenye ukurasa: jina la mdogo wake, au kitu alichokula mchana. Hapo utaona anachokijua.

Kumsikiliza hatua kwa hatua

Kiswahili ni lugha yenye huruma kwa anayejifunza kusoma. Kila irabu ina sauti moja na haigeuki. Mtoto akishazishika a, e, i, o, u na konsonanti chache, anaweza kusoma maneno ambayo hajawahi kuyaona: kalamu, meza, samaki, kofia. Ndiyo sababu mtoto mwenye afya njema anayehudhuria shule vizuri anaweza kusoma sentensi fupi kabla mwaka wa kwanza haujaisha, na ndiyo sababu nasikitika nikimwona wa darasa la tatu bado anabahatisha.

Mzazi anayetaka kusaidia aanze kwa kuulizia mtoto anafundishwaje. Mwalimu wa KKK siku hizi hufundisha sauti ya herufi kwanza. Mzazi aliyekuja na mazoea mengine hukaa na mtoto akamwambia hii ni "em" na hii ni "a", ziunganishe. Mtoto anajibu "ema", na mzazi anakasirika. Mtoto ameunganisha alichopewa. Mwambie mmm, kisha a, na aziharakishe mpaka zikutane: ma. Tofauti hii ndogo imeliza watoto wengi bure.

Kizuizi cha pili ndicho kinachowakwamisha wengi, na hukwamisha kimyakimya. Ni pale konsonanti zinaposimama mbili au tatu kwa pamoja: mb, nd, nj, ny, ng, ng', sh, ch, dh, gh, mw, bw, nyw. Mtoto aliyesoma "kalamu" na "kofia" kwa kasi hufika kwenye "mbwa" akaruka, au akasema "mba" na kuendelea. "Nywele" huwa "newele". "Ng'ombe" husomwa kwa sauti ya mwanzo ya "ngoma". Ukimsikiliza juu juu hutagundua, maana sentensi kwa ujumla inaeleweka. Ukimsikiliza vizuri utaona anajikwaa kwenye maneno ya aina ileile. Andika kwenye karatasi: ngoma, nguo, ng'ombe, ng'ambo. Yatamke mbele yake naye aangalie mdomo wako. Siku inayofuata chukua nyingine. Kazi hii haihitaji ualimu. Inahitaji mtu anayezungumza Kiswahili na aliye na subira ya dakika kumi.

Baada ya hapo inakuja kasi, na hapa wazazi wengi hukosea kwa kuharakisha kitabu kipya. Mtoto anayesoma "m-to-to a-na-ku-nywa ma-zi-wa", akifika kwenye maziwa ameshasahau ni nani anayekunywa. Nguvu yote imeishia kwenye silabi, na maana haikupata nafasi. Dawa yake ni kurudia. Asome aya ileile leo mara mbili, kesho mara moja, keshokutwa mara moja, mpaka maneno yamtoke kama anavyozungumza. Halafu muulize, "Nani anakunywa nini? Kwa nini analia?" Mtoto anayejibu maswali hayo kwa maneno yake mwenyewe anasoma. Anayekurudishia sentensi ya kitabuni neno kwa neno, muulize tena kwa namna nyingine.

Dakika 15 zinatosha. Ziwe za kila siku, ziwe kabla ya chakula cha usiku, kabla macho hayajawa mazito. Jambo moja ninalolisisitiza ni kusubiri. Mtoto akikwama, hesabu moyoni mpaka tano kabla hujamtajia neno. Ukimtajia haraka anajifunza kwamba akinyamaza atasaidiwa. Ukimpiga au kumwita kilaza, kesho atasema hakupewa kitabu. Nimeona watoto waliojua kusoma mbele ya mwalimu wakashindwa kabisa mbele ya baba zao, midomo inatetemeka, na baba anaondoka akiamini shule haifundishi.

Nyumba isiyo na vitabu haikosi maandishi. Mfuko wa unga una maandishi, pakiti ya chumvi ina maandishi, na kanga ya bibi ina jina lake, ambalo mtoto akilisoma mwenyewe atauliza maana yake na mazungumzo yataanza. Anayeishi Dar es Salaam ana darasa zima kituoni: Mbagala, Mbezi, Mwenge, Mwananyamala, Gongo la Mboto. Mb na mw zote ziko pale, zimeandikwa kwa herufi kubwa mbele ya daladala, na mtoto ana sababu ya kweli ya kuzisoma kabla gari halijaondoka.

Kuhesabu nako kuna njia zake za nyumbani. Mtoto anaweza kuimba moja hadi mia bila kujua kwamba 14 ni kumi na nne zinazohesabika. Mpe vifuniko vya soda ahesabu 14, afunge kumi pamoja, abaki na vinne. Mtume dukani na elfu moja akanunue maandazi matatu ya mia mbili mbili, lakini kabla hajaondoka akuambie atarudi na shilingi ngapi. Akirudi na mia nne mkononi amefanya kutoa, na hatasahau.

Kama mtoto amepewa kazi ya nyumbani, ni yake. Nchini Kenya, tangu mtaala wa umilisi uanze kutumika mwaka 2019, wazazi wengi wamejikuta usiku wakikata maboksi na kubandika karatasi ili kazi ya mtoto ipendeze. Hata Tanzania nimepokea vifaa vya kufundishia vilivyotengenezwa na fundi seremala. Kipokee kibovu cha mtoto. Mwalimu mzuri anataka kuona mkono wa mtoto, na alama anayopewa fundi haimsaidii mwanao kitu.

Asiyejua kusoma, na asemaye lugha nyingine

Kila mwaka huwa na mama au bibi anayekaa nyuma kabisa kwenye kikao na baadaye kuniambia kwa sauti ndogo kwamba yeye hakusoma, kwa hiyo hana la kumsaidia mtoto. Ningependa kila mmoja wao alisikie hili. Kusikiliza hakuhitaji cheti. Bibi asiyejua herufi hata moja husikia kama mjukuu anasoma kwa mtiririko au anakwama. Anaweza kusema, "Rudia hapo, sijakuelewa." Anaweza kuuliza hadithi imeishaje na kwa nini sungura alikimbia. Mtoto akijua kwamba kila jioni kuna mtu anasubiri kusomewa, anasoma. Na akimweleza bibi kilichoandikwa, amepata zoezi la ufahamu ambalo darasa la watoto 90 haliwezi kumpa.

Bibi huyo ana kitu kingine. "Kitendawili!" "Tega!" Mtoto anayetega na kutegua vitendawili anajifunza kusikia maneno kwa makini na kufikiri kitu kisichotajwa. Anayesimuliwa ngano usiku anajua hadithi ina mwanzo, ina mkasa, ina mwisho, na akikutana na hadithi kitabuni anajua atafute nini. Kama lugha ya nyumbani ni Kisukuma, Kigogo au Kihaya, simulizi liwe kwa lugha hiyo. Mtoto mwenye maneno mengi kichwani kwa lugha yoyote ana pa kuyaweka maneno mapya.

Linaloniumiza ni wazazi wanaoacha kuzungumza na watoto wao kwa lugha wanayoimudu kwa sababu mtoto anasoma shule ya Kiingereza. Nyumba nzima inabaki na maneno machache ya amri: njoo, kaa, kula, acha, kwa Kiingereza cha kuazima. Mtoto hasikii mzaha, hasikii hoja, hasikii baba akieleza kwa nini amekataa. Kiingereza cha kutosha atakipata shuleni. Hiki cha nyumbani hana pengine pa kukipata.

Mbele ya mwalimu

Mzazi aliyemsikiliza mwanae huzungumza tofauti na mwalimu. Mazungumzo ya kawaida getini ni haya: "Mwalimu, habari za kazi. Huyu mwanangu anaendeleaje?" Na jibu: "Anaendelea vizuri, mama, tumsisitize tu." Wote wawili ni watu wema, na hakuna aliyejifunza kitu. Mwalimu ana watoto 90 na hawezi kukumbuka ghafla huyu mmoja amekwama wapi. Sasa sikiliza haya mengine: "Mwalimu, habari za kazi. Sitakuchelewesha. Mwanangu maneno mepesi anasoma, lakini akifika kwenye mbw na nyw anaruka. Nimemsikia wiki nzima. Nyumbani nimfanyie nini?" Mwalimu atasimama. Atachukua kalamu. Kesho yake, katika zile sekunde 20, atajua amuulize mtoto huyo neno gani. Mzazi amemfanyia nusu ya kazi, na walimu huwakumbuka wazazi wa namna hiyo mpaka wanastaafu.

Usiende mwalimu akiwa anafundisha. Nenda mapema asubuhi, au mwisho wa vipindi, au omba nafasi. Mweleze pia yale asiyoweza kuyaona: kwamba mtoto husogeza kitabu karibu na pua, kwamba sikio linamuuma kila baridi ikianza, kwamba kuna msiba nyumbani. Mtoto aliyeitwa mzito mwaka mzima amewahi kugundulika, baada ya kupelekwa hospitali, kwamba haoni ubao.

Makundi ya WhatsApp ya darasa yanasaidia kujua tarehe na mahitaji. Lakini habari za udhaifu wa mtoto mmoja hazina nafasi humo, na mzazi anayebandika matokeo ya mwanae humo ili ashangiliwe anawaumiza watoto wa wenzake.

Kuhusu swali la "umekuwa wa ngapi?", natamani tuliache kwa watoto wa madarasa haya. Wa 40 kati ya 90 hakuambii mtoto anajua nini. Wa tano naye anaweza kuwa hajui kusoma kama darasa zima halijui. Uliza, "Leo umeweza nini ambacho juzi ulikuwa hukiwezi?"

Na baba yuko wapi? Katika vikao vya madarasa ya chini, mabenchi hujaa kina mama. Baba hutokea mtoto akifanya kosa, au siku ya kulipa. Akina baba wengi hurudi usiku, hilo nalijua. Anayeendesha bodaboda hapangiwi saa za kazi. Lakini Jumapili ipo. Mtoto wa kiume anayemwona baba yake ameshika kitabu cha darasa la pili, kidole kikifuata mstari, anajua kusoma ni kazi ya wanaume pia. Binti anayesikilizwa na baba yake anajua kwamba masomo yake yana uzito sawa na ya kaka yake. Na binti huyo huyo asipangiwe vyombo, maji na kumbeba mdogo wake wakati kaka anasoma. Zile dakika 15 ni haki ya wote wawili.

Wazazi wa Mombasa

Anayedhani wazazi wa kawaida hawawezi kubadilisha elimu ya watoto wadogo aitazame pwani ya Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, viongozi wa jamii ya Waislamu wa Mombasa waliona watoto wao wakichelewa kwa sababu shule za awali zilikuwa chache, na walitaka elimu isiyomtenga mtoto na dini na utamaduni wake. Walilifikisha ombi kwa Aga Khan. Mwalimu Bi Swafiya Said akapewa kazi ya kuitafuta njia. Shule za awali zilianza mwaka 1986, zikiwa karibu na wazazi, na dini na masomo ya awali vikifundishwa pamoja. Mpango ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993.

Namna zilivyoendeshwa ndiyo ninayopenda walimu na wazazi waijue. Jamii ilikaa na kukubaliana kwanza. Kamati ilichaguliwa hapo hapo mtaani, na kina mama walikuwamo. Walimu walikuwa wanawake wa palepale, wakafunzwa kazi. Vifaa vilitengenezwa kwa vilivyopo: vifuu, makombe ya pwani, vifuniko vya chupa, vitambaa, mbegu. Mama aliyeleta vifuu alijua vitatumika kuhesabia, na aliporudi nyumbani alijua amuulize nini mtoto. Hakuna ukuta uliowatenga na darasa. Zanzibar baadaye ilipata na vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze, vilivyowafikia watoto wa awali na wa madarasa ya mwanzo hata mahali ambapo darasa la kawaida halikuwepo, na hapo pia mtu mzima wa kijijini ndiye aliyekaa nao kuongoza michezo na nyimbo.

Shule nyingi za msingi Tanzania Bara zina mlango wa aina hiyo: kamati ya shule, na siku hizi UWAWA, unaowakutanisha wazazi na walimu. Mlango huo mara nyingi hutumika kwa mambo ya matofali na madawati peke yake. Serikali hutoa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na sehemu yake huenda kwenye vitabu. Mzazi ana haki ya kusoma mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo, na ana haki ya kuuliza vitabu vimefika vingapi na kwa nini vimefungiwa stoo. Kitabu kilichofungiwa hakichakai, na hakimfundishi mtu.

Chakula nacho kisisahaulike. Baada ya 2016 wazazi wengi walielewa kwamba hawapaswi kuchangia chochote, hata uji. Elimu bila ada haikukataza wazazi kukubaliana wenyewe kuwalisha watoto wao, na shule ambazo wazazi wamekaa wakapanga kilo za mahindi na maharage kwa kila kaya zina mahudhurio unayoyaona kwa macho. Mtoto aliyeondoka nyumbani bila chai husinzia ikifika saa nne. Hata ukimsomea nini, hakusikii.

Ukigundua umechelewa

Wapo watakaofanya lile jaribio la kidole jioni hii na kugundua kwamba mtoto aliye darasa la tatu hasomi. Najua uchungu wake, nimewaona wazazi wakitoka ofisini macho mekundu. Usimchape, na usimpeleke tuisheni ambako atawekwa tena kwenye kundi la watu hamsini wanaoimba. Rudi naye mwanzo kabisa: irabu, silabi, halafu yale makundi ya mbw na nyw. Tumia kitabu cha darasa la kwanza lakini kifungueni mkiwa wawili, si mbele ya wadogo zake, maana aibu humfunga mdomo kuliko ugumu wa herufi. Mtoto wa miaka tisa ana akili pana kuliko wa miaka sita, na mara nyingi hupita kwa miezi michache mahali ambapo mdogo hutumia mwaka. Pratham wa India wamejenga sehemu kubwa ya kazi yao juu ya jambo hilo: kumfundisha mtoto kuanzia pale alipo, bila kujali yuko darasa la ngapi.

Fanya hivyo kabla ya upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, kwa sababu asiyefikia kiwango hapo hurudia darasa. Mwone mwalimu wa darasa, umwonyeshe karatasi ya maneno anayoyaweza na asiyoyaweza. Asipokusikiliza, muone mwalimu wa taaluma, kisha mwalimu mkuu, na ikibidi afisa elimu kata. Nenda na karatasi ile ile kila unapokwenda, yenye tarehe, na kila baada ya wiki mbili ongeza chini yake maneno mapya aliyoyamudu.